Kuuza Brek ya Petroli Base ya Kamina: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Hapa Base, mwenye motokari ya petroli aina ya brek anayetaka kuachana nayo ana njia mbili. Amuuzie mtu mkono kwa mkono, au aipeleke kwa mchuuzi wa Lubumbashi, aongeze pesa na kuondoka na nyingine. Njia ya kwanza huleta pesa nyingi na usumbufu mwingi. Ya pili hukupunguzia usumbufu, lakini unalipia nafuu hiyo. Zote mbili ni halali. Lisilokubalika ni motokari kutoka mikononi mwako huku karatasi zikibaki na jina lako.

KABLA YA KUTANGAZA

Fanya: Anza kutafuta mnunuzi mapema, hata kama barua ya uhamisho haijafika. Hii ni Base ya jeshi. Watu huhamishwa, na habari hutangulia barua. Anayejua kwamba unaondoka wiki ijayo ananunua haraka yako, si motokari yako.

Fanya: Uza wakati wa kiangazi, kuanzia Mei. Mahindi yanauzwa, pesa zipo mikononi mwa watu, na mnunuzi kutoka Kaniama au Kabongo anaweza kurudi nayo kwa barabara kavu. Mvua zikishika, wanunuzi hupungua na bei hushuka.

Fanya: Kusanya karte roze, karatasi za duane, vinyeti, kontrole tekniki na asiransi. Linganisha namba ya shasi iliyoandikwa kwenye karte roze na ile iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Ikitofautiana hata moja, sahihisha kwanza.

Usifanye: Usipige picha za motokari ukiwa umeelekeza simu kambini, uwanja wa ndege au vifaa vya jeshi. Ipeleke mjini, ipige picha huko.

Usifanye: Usirudishe nyuma kilometraji. Huo ni wizi, hata kama mekanisien anakuambia kila mtu anafanya.

SEMA KWELI KUHUSU HALI YAKE

Brek ya huku hubeba makala, magunia ya mahindi na mihogo. Mnunuzi makini ataanzia nyuma. Atainua zulia la buti, atatoa mpira wa akiba na kupitisha kidole pembeni. Akikuta vumbi jekundu limegandana kwa unyevu, atajua raba ya mlango imekwisha na kutu imeanza. Kisha ataikandamiza motokari kwa nyuma na kuiachia ghafla. Ikiendelea kunesa, amortisa hazifanyi kazi tena.

Fanya: Ufanye ukaguzi huo wewe kabla yake. Fungua na kifuniko cha mafuta ya moteri: ukiona utandu wenye rangi ya maziwa, huenda maji yameingia, na mekanisien lazima aangalie. Andika kila kasoro kwenye karatasi utakayomwonyesha mnunuzi.

Fanya: Ijue sheria. Dekri ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo msingi wake bado unatumika Kongo, inamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro zilizofichika. Kasoro uliyoitaja, na mnunuzi akatia sahihi kwamba ameiona, haitakurudia.

Usifanye: Usinyamazie volani ya kuume. Motokari nyingi za Japani hufika Katanga kupitia Dar es Salaam, Zambia na Kasumbalesa zikiwa na volani upande huo, ilhali Kongo tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Dereva asiyeizoea, akitaka kulipita lori, haoni kinachokuja mbele. Mwambie waziwazi.

UKIUZA MKONO KWA MKONO

Fanya: Mnunuzi akitaka kujaribu, keti pembeni yake, naye aache kadi yake ya mpiga kura kwa mtu wako. Chukua kopi ya kadi hiyo.

Fanya: Taja bei kwa fedha moja, dola au franki, na uiandike. Bei iliyosemwa kwa dola leo na kulipwa kwa franki mwezi ujao ni chanzo cha ugomvi, kwa sababu kiwango hubadilika.

Fanya: Kagua kila noti ya dola mchana, moja moja. Noti iliyopasuka hata kidogo, au iliyoandikwa kwa kalamu, itakataliwa dukani. Ikatae wewe kwanza.

Usifanye: Usiamini ujumbe wa simu unaosema umelipwa. Iwe ni M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, angalia salio lako mwenyewe kabla ya kutoa funguo.

Usifanye: Usimpe motokari mtu anayelipa kwa mafungu. Ibaki kwako hadi fungu la mwisho, hata kama ni jirani au ndugu wa kanisa.

Usifanye: Usimwachie komisioneri kazi kabla hamjapatana sehemu yake. La sivyo, atajiongezea juu ya bei yako bila wewe kujua.

UKIBADILISHANA NA MCHUUZI

Fanya: Hesabu tofauti, usihesabu sifa. Tuseme anakuambia: "Yako naichukua kwa dola 3,500, niongezee 4,000, uchukue hii ya 7,500." Ulizia kwanza mwenye pesa taslimu anaipata ile kwa bei gani. Ikiwa anaipata kwa 6,500, basi yako imehesabiwa 2,500 tu. Ile 3,500 ni maneno.

Fanya: Ongeza gharama ya safari. Lubumbashi ni karibu kilomita 600 kwa reli, na mchuuzi anajua ukishafika huko hutaki kurudi na motokari ileile. Patana bei kabla ya kuondoka Kamina.

Usifanye: Usitoe yako kabla hujashika karatasi za duane za ile unayopewa. Ahadi ya "zinakuja" isikuondoe pale.

KARATASI ZA MWISHO

Fanya: Andikeni mkataba wa mauzo, nakala mbili, wenye majina, namba ya shasi, bei, kasoro, tarehe na saa ya kukabidhiana, mbele ya mashahidi. Kisha fuatana na mnunuzi hadi karte roze ibadilishwe jina. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Fanya: Hakikisha mnunuzi ana asiransi yake kabla hajawasha moteri. Tangu sheria ya Januari 1973, asiransi ya kufidia wanaoumizwa na motokari ni ya lazima.

Usifanye: Usimwachie mchuuzi mkataba ulioutia sahihi huku nafasi ya jina la mnunuzi ikiwa wazi. Motokari hiyo ikimgonga mtoto, polisi wataanza na jina lililo kwenye karte roze, nalo ni lako.

Mwenye miezi miwili mbele yake auze mwenyewe. Mwenye wiki moja, na ambaye hawezi kukaa bila motokari, abadilishane akijua amelipia nini. Ambaye karatasi zake hazijakamilika asiuze kwa njia yoyote mpaka azikamilishe.