Naweza kupanda Itombwe bila kiongozi?

Swali: Kila asubuhi, hapa Uvira, naona ukungu juu ya milima ya Itombwe. Naweza kupanda peke yangu?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Itombwe ni hifadhi tangu 2006, chini ya ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa maumbile. Omba kibali kwao, uulize kwanza hali ya usalama. Milima inapita mita 3,000. Ukungu ukishuka kwenye mianzi, njia hupotea mbele ya macho. Kiongozi mwenyeji anajua pa kupita na husoma nyayo za gorila kabla hamjawakaribia mno. Vaa viatu visivyoteleza kwenye matope, beba koti la mvua na sweta. Usikate mti wala kuacha takataka: mito ya Elila na Ulindi huzaliwa huko. Tuitunze milima hii.