Programu Inapoituma Programu Nyingine

Nani hajamwona mhudumu wa afya ya jamii akipita nyumba kwa nyumba na simu mkononi? Mfumo wanaoutumia hapa Kenya huitwa eCHIS, na vifaa vya wahudumu wapatao 100,000 vilizinduliwa Septemba 2023. Je, yale maswali huingiaje simuni?

Maswali huandikwa kwanza katika jedwali la Excel. Kisha programu iitwayo cht-conf huyaandaa. Ajabu ni kwamba cht-conf, iliyoandikwa kwa JavaScript, haijui yenyewe kuligeuza jedwali kuwa fomu. Anayejua ni pyxform, na huyo ni wa Python. Basi cht-conf humtuma mwenzake kwa amri, kama vile mzee wa hapa Bangale anavyomtuma kijana Garissa akamletee dawa ya mbuzi.

Sasa kutuma nako kuna kanuni zake, na hapa ndipo wengi huchemsha. Kwanza, ijulikane anayetumwa anakaa wapi. Tarakilishi ina orodha ya mahali pa kutafutia amri, iitwayo PATH. Chombo kisipokuwa humo, itakwambia haikijui, hata kama ulikiweka jana tu! Pili, maagizo yasichanganywe. Faili ikiitwa "fomu ya mtoto" nawe ukaiandika bila alama za kunukuu, aliyetumwa atasikia majina matatu.

Tatu, msikilize anaporudi. Kwa desturi programu ikimaliza hurudisha namba: 0 ni heri, nyingine yoyote ni shari. Mimi naona hii ndiyo kubwa kuliko zote. Tuseme limeongezwa swali kuhusu homa ya mtoto, pyxform ikashindwa, ikarudisha 1, na aliyetuma asiitazame. Kazi itaendelea na fomu ya zamani, simu haitamkumbusha mhudumu kuuliza habari za homa, na hakuna atakayeng'amua.

Halafu kuna maneno anayoyasema aliyetumwa akiwa kazini. Haya hupita katika bomba, na kwenye Linux bomba hilo kwa kawaida hubeba kilobaiti 64. Mtumaji asipoyasoma, bomba hujaa. Aliyetumwa husimama akingoja nafasi, na mtumaji naye anangoja mwenzake amalize. Hapo watakesha! Dawa yake ni kuyasoma maneno hayo huku kazi ikiendelea, na kuweka kikomo cha dakika za kungoja.