Somo: Kumwandaa Mhudumu Kabla Hajabisha Hodi kwa Mzee

Mashirika ya hisani na vikundi vinavyowahudumia wazee katika Kaunti ya Kilifi huajiri vijana kutoka pembe zote za nchi. Wengi wao wanajua kupima presha na kujaza fomu. Ni wachache waliofundishwa namna ya kuingia katika boma la mzee wa Kigiriama kule Ganze, au nyumba ya bibi wa Kiswahili kule Mambrui. Somo hili linaeleza jinsi ya kuwaandalia mafunzo ya utamaduni. Ni la viongozi wa vikundi na wanaojitolea, na pia ni la familia zinazowapokea wahudumu hao, kwani nanyi mna haki ya kujua mgeni wenu alipaswa kufundishwa nini.

Tuanze na lililo zito. Katika kaunti yetu wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mvi na macho mekundu, ambayo aghalabu ni kazi ya moshi wa kuni wa miaka mingi, vimetosha kumtia mtu mashakani, hata wapo wanaopaka nywele rangi nyeusi ili wasijulikane umri. Wengine walikimbia makwao na kuhifadhiwa katika kituo cha Kaya Godoma. Nyuma ya tuhuma hizo mara nyingi pana shamba: mzee ndiye mwenye ardhi, na wapo wanaotaka kuigawa au kuiuza angali hai.

Mhudumu asiyelijua hili anaweza kumwongezea mzee hatari bila kukusudia. Tuseme gari lenye nembo linapita miji mitano na kusimama kwa mzee mmoja tu, akashushiwa unga na blanketi. Jioni majirani wataulizana: kwa nini yeye? Au mhudumu amemkuta bibi akizungumza peke yake, na anapoondoka anamwambia jirani, “Huyu ana mambo yake.” Maneno hayo yakitoka kwa aliyevaa fulana ya shirika huwa ushahidi: “Hata watu wa shirika wameona.”

Kwa hiyo kipindi cha kwanza cha mafunzo kiwe juu ya ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Mzee anaweza kutoka usiku, kupotea njia, kuingia nyumba ya jirani au kuvua nguo bila kujijua. Mtu aliyelelewa kuamini kwamba wachawi hutembea usiku atafasiri mambo hayo kwa njia moja tu. Wahudumu wafanye mazoezi ya kulieleza jambo hili kwa Kigiriama, Kichonyi au lugha yoyote ya mahali, kwa maneno ya nyumbani: ni ugonjwa wa ubongo, tupeleke kliniki, na usiku asiachwe peke yake. Wasiingie kwenye mabishano kama uchawi upo au haupo. Mabishano hayo hayajawahi kumlinda mzee yeyote.

Nani afundishe? Wazee wenyewe. Shirika likikodi ukumbi wa hoteli Malindi na mtaalamu mwenye picha za ukutani, litapata vyeti tu. Afadhali siku mbili chini ya mwembe kijijini, wazee wanne au watano, wanaume kwa wanawake, wakilipwa posho ya siku na nauli ya boda kama anavyolipwa mkufunzi yeyote. Siku ya kwanza wahudumu wasikilize. Wazee waulizwe: ni lini mgeni alikufedhehesha? Nani akuogeshe, na nani asikuguse? Habari za ugonjwa wako ziambiwe mwanao yupi, na yupi asiambiwe? Wanawake waulizwe kando, maana mbele ya wakwe au waume zao hawatasema.

Jina ni jambo dogo linaloudhi sana. Wengi wanamjua Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913. Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili. Ndivyo mwanamke mzima anavyoheshimiwa. Mhudumu anayepaza sauti kusoma jina la kitambulisho mbele ya watu anamvunjia bibi heshima hiyo. Fomu iwe na nafasi mbili: jina la kitambulisho, linalohitajika kwa malipo ya Inua Jamii ya shilingi 2,000 kwa mwezi, na jina la kuitwa. Kuhusu tarehe ya kuzaliwa, asimhoji kama mahakamani. Nyingi zilikadiriwa.

Katika nyumba za Kiislamu, viatu vivuliwe mlangoni, mwanamke aogeshwe na mwanamke, na ratiba ya dawa za sukari ipangwe na kliniki kabla Ramadhani haijaandama. Mgonjwa mzee ana ruhusa ya kula, lakini wengi hulikubali hilo kutoka kwa imamu kuliko kutoka kwa kijana wa shirika, basi imamu naye ashirikishwe.

Sehemu ngumu zaidi ni imani ya mhudumu mwenyewe. Wapo waliookoka ambao wakiona mnazi ukimwagwa chini kuwakumbuka wazee waliokufa, au vigango nje ya nyumba, huanza kukemea. Haki yao kuamini wanavyoamini. Lakini kazini, kuita mila ya mzee kazi ya shetani ni kumpa adui yake silaha. Misitu ya Kaya ambayo mzee huyo pengine anailinda iliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Asiyeweza kuinyamazia mila hiyo apewe kazi nyingine, ghalani au ofisini.

Je, kuheshimu utamaduni ni kukubali kila kitu? Hapana. Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kuishi kwa hadhi bila kudhulumiwa. Nayo Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 inafanya kuwa kosa kumtuhumu mtu uchawi, isipokuwa kwa kupeleka habari kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka. Mhudumu akisikia mzee anatishwa, apige ripoti siku ile ile kwa polisi, chifu na afisa wa ustawi wa jamii, kimya kimya. Asilipeleke barazani, na asiahidi kumhamisha mzee kabla ya kumuuliza anataka kwenda wapi, kwani akiondoka leo huenda kesho shamba likawa na mwenyewe mwingine.

Baada ya miezi mitatu, wakufunzi wale wale waitwe tena. Wahudumu wasiwepo. Swali moja linatosha kuanzia mazungumzo: kati ya vijana hawa, ni yupi ungependa asirudi kwako, na kwa nini?