Mdogo Wangu, Kaombewe, Lakini Dawa Usiache

Mdogo wangu wa Katoro, wa Nyarugusu, wa Kahama, na wewe uliye Kakola usiyetaka hata mama ajue kuwa unakohoa, leo sogea tuzungumze. Kikohozi hicho kina wiki ya ngapi? Umekunywa tangawizi, umesingizia vumbi la karasha, na kila usiku jasho linalowesha shuka. Sasa umesikia kuna mkutano wa injili, mtumishi anakuja na mafuta ya upako, na moyo umepata matumaini. Sikulaumu. Anayeumwa hushika kila mkono unaonyooshwa. Nenda kaombewe, tena nenda kwa moyo wote. Ila asubuhi yake nenda na zahanati ukapimwe makohozi. Maombi na dawa havijawahi kugombana; wanaogombana ni watu.

Ninajua kinachokusumbua. Unaogopa kwamba ukimeza kidonge baada ya kuwekewa mikono, utakuwa umemwambia Mungu humwamini. Fungua Biblia yako mwenyewe, usingoje kusomewa. Isaya alimpelekea Mfalme Hezekia ahadi ya Mungu kwamba atapona, kisha huyo huyo Isaya akaagiza tini zibandikwe kwenye jipu. Paulo, aliyeombea wengi wakapona, alimpa Timotheo ushauri wa tumbo lake lililokuwa likimsumbua, na Trofimo alimwacha Mileto akiwa bado mgonjwa. Utasema Paulo alipungukiwa imani? Na Luka alikuwa tabibu, akafuatana naye safarini.

Hapa kwetu waliotangulia walilielewa hilo. Hospitali ya Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ilianzishwa na wamisionari wa African Inland. Bugando ya Mwanza, tunakokimbizwa tukizidiwa, ni ya maaskofu Wakatoliki. Waliozianzisha walikuwa watu wa magoti, na bado walijua kuwa mgonjwa anahitaji kitanda, sindano na mtu wa kumwosha.

Sasa wewe unayeshuka duarani kuchimba dhahabu, nisikilize vizuri. Vumbi la mwamba huumiza mapafu, na mapafu yaliyoumia hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi. Dawa zake ni bure, na kwa kawaida humezwa miezi 6. Siku za mwanzo utaona mkojo umegeuka rangi ya chungwa. Wengi hutishika hapo. Jirani atasema ni damu, mwingine atasema umetupiwa kitu. Ni rangi ya dawa, basi. Hatari yenyewe huja baadaye kidogo, kikohozi kikishakatika, mwili ukirudi na beleshi likawa jepesi mkononi. Jumapili unasimama kushuhudia, Jumatatu vidonge unavitupa. Vijidudu vilivyobaki vinajizoeza kuishinda dawa. Ugonjwa ukirudi unaweza kuwa sugu, ukatibiwa kwa shida zaidi, na wewe umeshawakoholea mke na watoto mnaolala nao chumba kimoja. Ushuhuda utoe, mdogo wangu, lakini utoe daktari akishakupima na kukuruhusu. Hata wale wakoma kumi, Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa na kazi ya kuwakagua.

Na mikono ikianza kutetemeka, kabla hujaambiwa ni pepo, kumbuka unapochomea zebaki. Kama ni kwenye jiko la nyumbani, moshi ule mnauvuta wote. Mwambie daktari kazi unayofanya, usimfiche. Mficha maradhi kilio humfichua.

Mmesahau 2011? Nchi nzima ilipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa Babu Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, kunywa kikombe cha mugariga kwa shilingi 500. Kanda ya Ziwa tulijaa kule. Wengine walifia njiani na kwenye foleni. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wakiamini kikombe kimemaliza kazi. Sisemi hivi kuwacheka. Walikuwa wamechoka kuumwa na walitaka kuishi. Ndiyo maana nakubembeleza wewe mwenye kadi ya CTC iliyofichwa chini ya godoro: usikose kliniki yako hata tarehe moja. Na Februari 1, 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Mungu hagawi uzima kwa kusukumana. Anakusikia ukiwa chumbani kwako.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Ukiambiwa, "Nimeonyeshwa aliyekuroga, ni mama mmoja wa ukoo wenu," ondoka hapo haraka. Unajua maneno ya namna hiyo yamefanya nini Shinyanga na Geita. Bibi zetu wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka yote waliyotupikia. Wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata yule mtu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, aliwajibu kuwa si yeye wala wazazi. Unabii unaokutuma kumchukia shangazi yako haukutoka kwa Yesu.

Ukidaiwa ng'ombe au pesa ya mawe yako ili uombewe, kumbuka Elisha. Naamani alipopona alikuja na zawadi tele, Elisha akakataa. Gehazi aliyezikimbilia kwa siri aliambulia ukoma. Sadaka mtolee Mungu kwa shukrani, lakini uponyaji hauna bei.

Na wewe mzima unayesoma huku ukitikisa kichwa, usidhani haya hayakuhusu. Ufuasi hauishii kwenye kuimba kwaya. Mpelekee mgonjwa uji, mkumbushe saa ya dawa, mchangie nauli ya kliniki, usimwulize alitenda dhambi gani. Asipopona, kaa naye na usimhesabie imani yake. Wapo waliomwamini Mungu mpaka pumzi ya mwisho na ugonjwa haukuondoka, na Mungu hakuwaacha.

Basi, kesho asubuhi piga magoti, kisha vaa viatu uende ukapimwe, na ukiogopa nenda na mtu unayemwamini. Atakayekuambia uchague kati ya Mungu na dawa, mwage kwa adabu na usirudi kwake.

Ni mimi dada yako, ninayetaka uishi.