Kila Mmoja na Mafuta Yake: Kukuza Imani ya Mtu Binafsi katika Ndoa



Katika mafundisho ya ndoa tunalipenda sana neno "pamoja". Salini pamoja, nendeni Misa pamoja, shaurianeni pamoja. Ni neno zuri na hatuliachi. Lakini leo ningependa tutazame jambo ambalo linasahauliwa hata katika semina za wachumba, nalo ni imani ya baba akiwa peke yake, na imani ya mama akiwa peke yake.

Chukueni mfano wa baba mmoja ambaye nyote mnamjua, kwa kuwa yuko katika kila jumuiya. Amebatizwa, amefunga ndoa kanisani, anatoa zaka, na wakati wa kujenga kigango alichanga mabati. Siku ya jumuiya ikifika, anamwambia mkewe, "Wewe nenda, utatuwakilisha." Sala ya jioni inapoanza yeye yuko kwenye kiti chake na simu mkononi, na mama anapofikia "Atukuzwe Baba" ndipo anapofanya ishara ya msalaba. Ukimwuliza, atakujibu bila kusita kwamba nyumba yake ni nyumba ya sala. Hasemi uongo. Ni nyumba ya sala, ila anayesali ni mmoja.

Yuko pia mama wa namna hiyo, ingawa hatumsemi sana. Mumewe ni mwenyekiti wa baraza la parokia, basi yeye huketi kiti cha mbele, hupika padre akija, na hajawahi hata siku moja kujiuliza yeye mwenyewe anamwamini nani.

Someni tena mfano wa wanawali kumi katika Mathayo 25:1-13. Kila mwaka, ninapowafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, kuna mmoja ambaye huuliza kwa nini wale watano wenye busara walikuwa wachoyo hivyo. Si nyumbani tunafundishwa kuwapa majirani chumvi na kibiriti? Huwa ninawajibu hivi: jirani anaweza kukuazima jembe, sukari, hata koti la kwendea harusini. Lakini hakuna anayeweza kukulalia usingizi. Ukiwa umechoka, ni lazima ulale wewe. Mafuta ya taa zile ni kitu cha namna hiyo. Mkeo anaweza kukuombea mchana na usiku, na Mungu anamsikia, lakini hawezi kumwamini Mungu badala yako.

Najua msomaji mmoja atanishika hapo. Atasema, mbona tunabatiza watoto wachanga ambao hawawezi kuamini, kwa imani ya wazazi na ya Kanisa? Tena Mtakatifu Paulo anasema katika 1 Wakorintho 7:14 kwamba mume asiyeamini hutakaswa kwa mke wake. Ni kweli yote mawili. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 1253) inaeleza kwamba imani inayotakiwa kwa Ubatizo ni mwanzo tu, ambao hauna budi kukua. Paulo huyo huyo, akimwandikia Timotheo (2 Tim 1:5), anaitaja imani iliyokaa kwanza ndani ya nyanya yake Loisi, kisha ndani ya mama yake Eunike, halafu anasema anaamini imo pia ndani ya Timotheo mwenyewe. Nyanya na mama walimpa mbegu. Hawakumwachia shamba lililokwisha palizwa.

Liturujia yetu inatufundisha jambo hilo kila Jumapili, kama tukisikiliza. Tunasimama pamoja, lakini tunasema "Nasadiki", wala si "tunasadiki". Mnapanga mstari mmoja wa Komunyo, mama mbele na baba nyuma, na padre anasema "Mwili wa Kristo" mara mbili, na kila mmoja anaitikia Amina yake. Katika Kitubio mnaingia mmoja mmoja. Hata siku ile ya ndoa, hakuna aliyemsemea mwenzake ahadi. Wazazi wetu wanakumbuka Kongamano la Ekaristi la Kimataifa lililofanyika Nairobi mwezi wa Agosti mwaka 1985, ambalo Papa Yohane Paulo wa Pili alihudhuria. Mada yake ilikuwa Ekaristi na familia ya Kikristo. Familia nzima inalishwa kwa mkate mmoja, lakini kila mdomo unakula.

Sasa niseme habari yangu, ili msidhani ninawahubiria kutoka juu. Miaka kadhaa iliyopita mke wangu aliugua akalazwa kwa majuma saba. Wakati huo nilikuwa tayari katekista. Katika kigango chetu padre hufika mara moja kwa mwezi, hivyo Jumapili nyingine ninaongoza ibada mimi, na nilikuwa nimezoea kusimama mbele ya watu mia mbili bila hofu. Jioni moja, kengele ya kuwaondoa wageni wodini ikiwa karibu kulia, aliniambia, "Baba watoto, niombee." Nikamshika mkono, nikafungua mdomo. Yaliyotoka yalikuwa maneno ya kitabu cha ibada, neno kwa neno, kama ninavyoyasoma Jumapili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Hiyo ni ya kanisani. Nilitaka yako."

Sikuwa nayo.

Nilipofika nyumbani nilikuta watoto wamekaa wakingojea Rozari. Mama yao ndiye aliyeiongoza siku zote, mimi nikiwa kwenye mikutano ya parokia. Sikujua hata ni mtoto gani huanzisha fumbo la kwanza. Yule mdogo ndiye aliyenielekeza. Niliweza kuwatajia mwaka wa kila Mtaguso, lakini katika sala ya nyumba yangu nilikuwa mgeni.

Usiku ule, watoto walipolala, nilikaa jikoni kando ya jiko la makaa lililokuwa linazimika, nikamweleza Mungu ukweli. Nilimwambia kwamba naogopa mke wangu atakufa. Nilimwambia kwamba sijui nitalipaje hospitali na karo kwa muhula mmoja. Nilimwambia pia kwamba nimemsema Yeye kwa miaka mingi kuliko nilivyosema naye. Sala hiyo haikuzidi dakika tatu, tena haikuwa na mpangilio. Mke wangu alirudi nyumbani, tumshukuru Mungu, ingawa mguu wake mmoja haukurudi katika nguvu zake za zamani. Na mimi nimeendelea kukaa jikoni.

Makatekista wenzangu, na ninyi viongozi wa jumuiya na wa vyama, someni 1 Samweli 3:7. Kijana Samweli alikuwa analala hekaluni, karibu na Sanduku la Agano, naye alikuwa bado hajamjua Bwana. Inawezekana kulala ndani ya hekalu na kuwa hivyo.

Kuna watakatifu wawili ambao ningependa wanandoa wa Kenya wawajue zaidi, Louis na Zélie Martin, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Walifunga ndoa mjini Alençon, Ufaransa, tarehe 13 Julai 1858, na Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu wote wawili siku moja, tarehe 18 Oktoba 2015. Walikuwa watu wa kazi. Baba alikuwa fundi wa saa, na mama alikuwa na biashara ya kufuma lesi. Walizaa watoto tisa, wakazika wanne wakiwa bado wadogo. Walikwenda pamoja Misa ya alfajiri, na duka la baba lilifungwa Jumapili ingawa wateja walikwenda kwingine. Lakini tazameni pia kila mmoja alivyokuwa na njia yake. Louis alikuwa mtu wa kimya. Alikuwa na bustani yenye mnara mdogo, na huko alijitenga kusoma na kusali. Zélie hakuwa na nafasi hiyo. Alikuwa na wafumaji wa kuwasimamia na watoto wa kunyonyesha, na barua zake, ambazo zaidi ya mia mbili zimehifadhiwa, zinaonyesha mama aliyemwambia Mungu mambo yake katikati ya kazi na uchovu.

Zélie alikufa kwa saratani ya titi tarehe 28 Agosti 1877. Louis aliachwa na mabinti watano, na Teresa, kitinda mimba, alikuwa na miaka minne tu. Fikirini kama imani ya nyumba ile ingalikuwa ya mama peke yake. Ingezikwa naye, na wale mabinti wangebaki na baba aliyejua tu kuitikia Amina. Badala yake waliongozwa naye, na wote watano wakawa watawa. Katika ndoa zetu pia, mmoja atatangulia. Hatupendi kulisema mezani, lakini wajane wa kike na wa kiume mnaosoma ukurasa huu mnajua usiku ule wa kwanza baada ya matanga, watu wakishaondoka na viti vya kukodi vikirudishwa.

Basi imani hiyo inakuzwaje? Papa Fransisko huyo, ambaye sasa ni marehemu, aliandika katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016 (namba 227) kwamba pamoja na kusali kwao pamoja, kila mwanandoa apate nafasi ya kuwa peke yake na Mungu, kwa maana kila mmoja ana misalaba yake ya siri. Neno hilo la misalaba ya siri lilinigusa. Wapo mliolala kitanda kimoja miaka ishirini, na bado liko jambo moja ambalo mwenzako hajui. Mungu analijua, lakini anapenda umwambie.

Bwana wetu anasema tuingie chumbani na kufunga mlango (Mt 6:6). Mtaniambia, katekista, sisi tunapanga chumba kimoja, na kati ya kitanda na jiko kuna pazia tu. Naelewa. Mama anaweza kusali akichuma majani chai, akienda kisimani, au akiamka kabla ya watoto. Baba ambaye ni mlinzi wa usiku ana chumba kikubwa kuliko cha askofu. Anayepanda matatu alfajiri anaweza kusoma Injili ya siku kwenye simu yake kabla ya kufungua kitu kingine chochote. Chagueni dakika kumi, zile zile kila siku, maana sala isiyo na saa huliwa na kazi.

Hapa nina neno kwa akina baba. Ukitaka mkeo akue katika imani, usimnunulie kitabu. Mshike mtoto. Mwambie, "Mama, nenda ukae na Mungu wako dakika kumi, mimi nitamwangalia huyu na hiyo sufuria." Wengi wetu hatujawahi kufanya hivyo. Na ninyi akina mama, mume akianza kukaa kimya na Biblia, msimwulize amesali nini, wala msiende kuitangaza habari hiyo kwenye CWA. Mche mchanga haung'olewi kila asubuhi ili kutazama mizizi.

Kuhusu Kitubio sina maneno mengi: msingoje Kwaresima. Padre akija kigangoni, mwombeni afike nusu saa kabla ya Misa. Kuhusu jumuiya, kama mume na mke hamwezi kwenda wote kwa sababu ya watoto, pokezaneni juma moja moja.

Ziko hatari mbili. Ya kwanza ni kuifanya sala kuwa kipaza sauti. Mama anapiga magoti karibu na kitanda na kusema kwa nguvu, "Ee Bwana, mguse huyu ambaye anakunywa mshahara wote!" Huyo hasemi na Mungu, anasema na mume wake, na mume anajua. Mtakatifu Petro anawashauri wake wa waume wasioamini wawavute kwa mwenendo bila maneno (1 Pet 3:1-2), na mara moja anawageukia waume na kuwaambia wakae na wake zao kwa heshima ili sala zao zisizuiliwe (1 Pet 3:7). Sisi wanaume hupenda kusoma mistari ile ya kwanza na kufunga kitabu.

Ya pili ni imani inayokimbia nyumba. Kesha Ijumaa, mafungo Jumamosi, kwaya Jumapili mchana, na watoto wamekula mkate mkavu. Hata katika jambo la sala, Paulo anataka wanandoa wapatane kwanza (1 Kor 7:5).

Na kama mmoja wenu anakwenda mbele kuliko mwenzake, vumilieni. Anayepanda mahindi na maharagwe shimo moja hashangai maharagwe yakitangulia kukomaa, wala hayang'oi mahindi kwa sababu yamechelewa.

Kwa mazungumzo ya nyumbani juma hili, someni pamoja Marko 9:14-29, habari ya yule baba aliyemleta mwanawe mgonjwa kwa Yesu na kukiri kwamba anaamini, lakini bado anahitaji kusaidiwa katika kutoamini kwake. Kila mmoja atafute kwanza jibu lake peke yake, bila kumchungulia mwenzake, halafu ndipo mzungumze:

Mara ya mwisho nilipomwambia Mungu jambo kwa maneno yangu mwenyewe ilikuwa lini, na lilikuwa jambo gani?

Ni sehemu gani ya imani ya nyumba yetu ambayo nimemwachia mwenzangu aibebe peke yake?

Kama mwenzangu angeugua kesho na kuniomba nimwombee, ningesema nini?