Kichwa cha omena si cha kutupa

Wapo akina mama mijini ambao huketi na sinia la omena na kuwakata vichwa mmoja mmoja kabla ya kuwapika, wakidai kwamba vichwa huleta uchungu. Je, nawe hufanya hivyo? Basi huenda unatupa sehemu yenye manufaa makubwa kwa mtoto wako. Ili uelewe sababu, yafaa kwanza uyajue maisha ya samaki huyu.

Omena, ambaye Tanzania huitwa dagaa na Uganda mukene, ni samaki wa Ziwa Victoria mwenye rangi ya fedha, na ni nadra kuzidi sentimita 9. Hula vijidudu vinavyoelea majini pamoja na wadudu wadogo. Mchana hukaa chini penye giza, na usiku hupanda juu. Ndiyo maana wavuvi hutoka usiku usio na mbalamwezi wakiwa na taa, kwa kuwa omena hufuata mwangaza.

Mbuta, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alichangia kuangamiza aina nyingi za fulu. Omena pia huliwa na mbuta, lakini alinusurika kwa kuwa hukomaa upesi na kuzaana kwa wingi.

Maisha hayo mafupi yana faida kwako. Samaki wakubwa wanaokula wenzao na kuishi miaka mingi hukusanya zebaki mwilini. Omena hana muda wa kukusanya nyingi. Isitoshe, mifupa yake ni laini, hivyo unamla mzima. Mifupa hiyo ina kalisiamu ya kujenga meno na mifupa ya mtoto. Nyama ina protini na madini ya chuma, nayo macho na ini ndimo ilimo vitamini A. Ukila minofu ya mbuta, mifupa huibakiza sahanini. Ukimkata omena kichwa, umetupa macho.

Hata hivyo, jihadhari. Omena wengi huanikwa mchangani, ambapo ndege na mbwa hupita. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huoza. Unaponunua, chagua wale wanaong'aa, wakavu, wasio na ukungu wala harufu ya uvundo. Usinunue wale waliotengwa kwa chakula cha kuku, hata kama bei ni nafuu.

Nyumbani, waloweke katika maji ya vuguvugu, uwasugue taratibu, kisha uwasuuze mara kadhaa hadi mchanga usionekane chini ya karai. Wapike hadi waive vyema, kwa nyanya na vitunguu, uwaandae kwa ugali na sukuma wiki. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, kausha omena waliooshwa, uwakaange bila mafuta hadi wawe wakavu kabisa, uwatwange wawe unga laini, kisha utie kijiko kidogo katika uji unaochemka.

Kwa kawaida, uvuvi wa omena nchini Kenya hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane, na bei hupanda sokoni. Nunua mapema, uwahifadhi katika chombo kikavu chenye kifuniko. Na siku ya kupika, weka kisu kando.