Bolti Iliyoliwa Kichwa Mahali Pafinyu: Maswali na Majibu

Bolti ya pikipiki huliwa kichwa kwa sababu gani?

Kona zake sita hulika hadi spana ikazunguka bila kushika. Lawama nyingi huangushiwa kutu, lakini mahali pafinyu mkosaji wa kwanza huwa spana iliyoingia kwa upande. Nati ya ekzosi iliyojificha nyuma ya bomba la fremu huachia nafasi ya ncha tu ya spana ya mdomo. Ncha hiyo hulalia kona mbili, tena nusu nusu, na nguvu yote ya mkono huishia hapo.

Mjini Juba, bodaboda za Bajaj Boxer na Senke huongeza sababu zao. Ukiacha lami za mjini na barabara ya Nimule yenye kilomita 192, iliyokamilika mwaka 2012, kazi kubwa ya pikipiki hizo iko kwenye vumbi na murami. Mvua za Aprili hadi Oktoba hugeuza vumbi hilo kuwa tope, nalo hukaukia kwenye maungio ya injini na kushika unyevu. Penye bolti ya chuma ndani ya alumini, unyevu huo hula alumini na kuacha unga mweupe unaoikaba bolti kuliko kutu ya kawaida.

Sababu nyingine ni saizi. Bolti ya M8 ya pikipiki mara nyingi ina kichwa cha milimita 12, ilhali ile ya M8 inayouzwa madukani kwa kazi nyingine huwa na 13. Fundi mwenye 13 peke yake anayejaribu kubahatisha huwa tayari ameanza kukata kona.

Kazi ianzie wapi?

Ianzie mbali na bolti yenyewe. Hatua inayookoa bolti nyingi kuliko zote ni kufungua njia: kutoa tangi, kabureta, ekzosi, pedali ya gia au kikanyagio, mpaka soketi ifike kichwani ikiwa imenyooka. Dereva anayesubiri anapoteza abiria, kwa hiyo fundi hushawishika kupenyeza spana palepale. Ushawishi huo ni hasara. Tangi hushikwa na bolti chache tu na kutolewa kwa muda mfupi. Bolti iliyokatikia ndani ya silinda inaweza kula siku nzima.

Ikiwa fremu yenyewe ndiyo kizuizi, injini inaweza kuinamishwa. Injini huegemezwa kwanza juu ya gogo au jeki, kisha bolti zake za fremu hutolewa zote isipokuwa moja, inayobaki kama bawaba. Sentimita chache zinazopatikana kwa njia hiyo mara nyingi zinatosha kuingiza soketi na kiungo chake cha kupindia.

Mwelekeo nao uchunguzwe. Anayetazama bolti kwa kioo, au anayeifikia kutoka chini huku kichwa kikielekea upande wa pili, hukaza akidhani anafungua. Mshale wa chaki kwenye injini, unaoonyesha upande wa kufungulia, huzuia kosa hilo.

Je, mafuta ya kupenyeza yanafaa?

Yanafaa kwenye nati, kwa sababu meno ya bolti yako wazi upande mmoja na mafuta yana pa kuingilia. Kwenye bolti iliyozama katika tundu lisilotokea upande wa pili, hufika machache sana. Uchafu usafishwe kwa brashi ya waya kwanza, mafuta yawekwe jioni na kuachwa usiku kucha, kisha kichwa kigongwe kwa nyundo ndogo mara kadhaa. Mtikisiko huo huvunja unga wa kutu na kuyapa mafuta njia. Dizeli hutumika pale mafuta maalumu yasipopatikana, ila yataka subira zaidi.

Kwa nini mafundi wazoefu hupenda joto?

Kwa sababu alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Alumini yenye tundu la milimita 8 ikipata joto la nyuzi 100 zaidi, tundu hupanuka takriban milimita 0.018, ilhali bolti ya chuma, hata ikipata joto hilohilo, hunenepa takriban milimita 0.010. Tofauti ni ndogo mno kwa macho, lakini inatosha kuachanisha meno na unga unaoyakaba. Ndiyo maana moto huelekezwa kwenye alumini inayozunguka bolti, si kwenye kichwa cha bolti.

Hapa tahadhari haina mjadala. Tangi liondolewe na kupelekwa mbali, na kabureta imwagwe petroli. Sehemu iliyosafishwa kwa dawa ya breki yenye klorini isipashwe moto kabisa: mvuke wake ukikutana na joto kali hutoa gesi ya fosjini, ambayo huua. Mipira ya kuzuia oili iliyo karibu hufunikwa kwa kitambaa chenye maji.

Kichwa kilicholiwa hushikwa kwa nini?

Kwa soketi ya kona sita, si ya kumi na mbili. Ikiwa kichwa cha milimita 10 kimelika, soketi ya inchi 3/8, yenye milimita 9.5, hugongewa juu yake kwa nyundo. Panapoingia tupa, pande mbili zinazotazamana huchongwa bapa na kukamatwa kwa vaisi gripi ya mdomo mdogo. Bolti ya alen ya milimita 5 iliyovilingika tunduni hugongewa biti ya nyota ya T30.

Skrubu za msalaba kwenye vifuniko vya injini zinahitaji bisibisi ya kugonga kwa nyundo, ambayo husukuma ndani na kuzungusha kwa wakati mmoja. Tone la dawa ya kusagia vali kwenye ncha huongeza mshiko.

Yote hayo yakishindikana, kuchomelea nati mpya juu ya kichwa kilicholiwa ndiyo njia bora, maana huleta kichwa kipya na joto pamoja. Betri na kisanduku cha CDI, kile cha kuwashia cheche za plagi, vitenganishwe kwanza.

Na kichwa kikikatika?

Kwenye kifuniko, kukatika si msiba. Mvutano wa bolti huisha kichwa kinapotoka, kifuniko huvutwa, na kisiki kinachobaki hushikwa kwa vaisi gripi. Wakati mwingine inafaa hata kukitoboa kichwa kwa makusudi.

Kisiki kilichokatika sawasawa na uso wa alumini hutobolewa. Katikati hutiwa alama kwa sentapanchi, kisha keekee ya milimita 3 hutangulia. Keekee inayokata kwa kuzunguka kinyume, ikipatikana, mara nyingi huichomoa bolti yenyewe kabla ya kazi kuisha. Ekstrakta nyembamba, ile ya kung'olea kisiki, iogopwe: ni chuma kigumu kinachovunjika kama kioo, na keekee ya kawaida haikitoboi. Kwa M6, tundu la mwisho ni milimita 5, na kwa M8 ni 6.8, kisha meno husafishwa kwa tapi. Yakiwa yameharibika, tundu hupanuliwa na kuwekewa meno mapya ya springi.

Bolti mpya ifungweje?

Iwe na urefu na nafasi ya meno sawa na ya zamani, na ianzwe kwa vidole. Meno hupakwa grisi ya shaba kidogo. M6 kwenye alumini huhitaji takriban nyutoni-mita 10, na M8 kati ya 20 na 25, pungufu kidogo panapokuwa na grisi, kwa sababu utelezi huongeza mkazo. Nati za ekzosi hukaguliwa tena baada ya injini kupata moto mara ya kwanza na kupoa kabisa.